Miwani Badala ya Pete

Kinyozi hajinyoi, na mwenye shaka na msemo huo angemtazama Taratibu. Mabwana harusi wa mtaa mzima walipita kwenye kiti chake. Aliwachonga ndevu, akawafuta shingo kwa pamba yenye spiriti, akawapa na nasaha za bure kuhusu ndoa, halafu jioni yeye mwenyewe akarudi kula kwa mama yake kama mwanafunzi. Jina la Taratibu alipewa na wateja, kwa sababu kichwa ambacho vinyozi wengine walikimaliza kabla chai haijapoa, yeye alikizunguka mpaka mwenye kichwa akasinzia. Lakini hakuna aliyewahi kutoka pale na mchubuko, ndiyo maana benchi lake halikukosa watu.

Ng'ambo ya barabara, ukitazama kupitia mlango wa kibanda chake, kulikuwa na karakana ya vyuma. Humo alifanya kazi Cheche, mwanamke pekee kwenye mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma kikichongwa. Siku aliyoajiriwa alivuka barabara na misuko iliyomfika mabegani, akaketi kitini bila kusalimia.

"Nyoa zote," alisema. "Mashine ikizishika hizi, itaondoka na kichwa."

Taratibu akamwuliza kama ana hakika. Akamwuliza tena.

"Kaka, wewe ni kinyozi au wakili?"

Akamnyoa. Tangu siku hiyo, kila nywele zilipoanza kuchomoza, Cheche alivuka barabara, akaketi, akamsimulia chuma gani kilimsumbua wiki ile na kipi kilimtii. Taratibu alimpenda. Hilo lilijulikana mtaa mzima, isipokuwa kwa mhusika, maana Taratibu ni mmoja wa watu wale ambao neno la hali ya hewa wanalitoa mara moja, ila neno la moyo wanalitafuna mpaka linapoteza ladha.

Mwishowe alipania kununua pete. Aliyemrudisha nyuma ni msimamizi wa karakana, mzee mkavu ambaye hakupenda maneno mengi ila akiwa kitini na povu kidevuni.

"Kijana, habari za pete nimezisikia."

"Nani kakwambia, mzee?"

"Wewe. Ulinieleza hapa hapa, uliponinyoa mara ya mwisho." Mzee akautoa mkono chini ya kitambaa, akauinua mbele ya kioo. Kidole cha pete hakikuwepo. "Mashine haijui kama umeoa. Iliikamata pete yangu, ikaondoka na kidole. Tangu hapo, kwenye karakana yangu haiingii pete, haiingii saa, haiingii cheni."

"Lakini si anaweza kuivaa akiwa nyumbani?"

"Anaweza. Ila nikwambie jingine. Huyo binti alishavishwa pete na mtu kabla hujamjua. Wiki haikuisha, akairudisha."

Wembe ukasimama hewani. "Kwa nini?"

"Sikumwuliza. Mimi nasimamia vyuma."

Basi Taratibu akaunganisha mambo mawili, akapata la tatu lisilokuwepo. Cheche amemkataa mtu kwa sababu ya pete, alijiambia, na pete ndiyo iliyomla kidole msimamizi, kwa hiyo adui yake ni pete. Akiondoa pete, ameondoa kikwazo. Ni hesabu nzuri kabisa, tatizo lake ni kwamba hakuwahi kumpelekea mwenyewe aisahihishe. Badala yake aliipeleka kwenye benchi.

Kumwaga mtama penye kuku wengi, ndiko huko. Kila aliyekuja kunyolewa aliulizwa: mwanamke asiyeweza kuvaa pete achumbiwe kwa kitu gani? Muuza mkaa alisema saa ya mkononi, akakumbushwa kwamba saa nayo hairuhusiwi. Fundi rangi alisema hereni, mwingine akasema heri godoro, maana godoro halina maana mbili. Mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa na upara lakini alikuja kila wiki kwa ajili ya mazungumzo na nywele chache za kisogoni, alisema ampe kitabu. Benchi zima likamwonea huruma.

Jibu Taratibu alilipata mwenyewe, mikononi mwake. Siku moja akimnyoa Cheche alikuta mistari miwili imekwaruzika juu ya masikio yake. Zilikuwa alama za miwani yake ya kazi, ile ya kukinga macho. Mkanda wake ulikatika zamani, akaufunga kwa kipande cha mpira wa tairi, na vioo vyake vilikuwa vimejaa mikwaruzo hata ukashangaa anaonaje. Taratibu akapaka mafuta kwenye ile mistari, na kifuani alihisi furaha ya mtu aliyeona funguo alizozitafuta. Kesho yake alifunga kibanda mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya mafua, akaenda mjini kwenye duka la vifaa vya kazi. Alijaribu miwani kichwani mwake moja baada ya nyingine mpaka muuzaji akamletea kiti. Alichagua yenye mkanda mpana wa kitambaa laini, isiyobana juu ya masikio.

Siku ya kuitoa, alivaa shati jipya. Cheche aliketi, akanyolewa, akafutwa shingo. Taratibu akamwekea kiboksi mapajani.

"Nimekuletea hii," alisema. "Sitaki macho yako yaumie."

Cheche akafungua. Akaivaa pale pale, akajitazama kwenye kioo, akageuza kichwa kulia na kushoto.

"Haibani," alisema.

"Umeipokea?"

"Nimeipokea. Asante sana, yaani hujui tu." Akamshika mkono, akaubana, akavuka barabara nayo usoni.

Taratibu akaketi kwenye kiti cha wateja. Amekubali! Hebu msimcheke. Jambo hili alikuwa amelizungumza na watu wengi sana, siku nyingi sana, hata akasahau kwamba kuna mtu mmoja ambaye hakuwapo kwenye mazungumzo hata mara moja. Neno ndoa halikutoka kinywani mwake. Neno mke halikutoka. Alimpa mwanamke kifaa cha kazi, mwanamke akashukuru, naye akaenda kumwambia mama yake kwamba amepata mchumba.

Siku zile zilizofuata alikuwa mtu mwingine. Alipiga mluzi akinoa wembe. Wateja walimpa hongera, naye akazipokea kwa kuinamisha kichwa kama mtu anayebarikiwa. Mchana Cheche akipita alimpungia mkono, miwani ikiwa juu ya paji la uso, na benchi zima likanong'ona, "Shemeji yetu huyo." Cheche alidhani wanamsalimia tu.

Asubuhi moja Taratibu alikuwa amemaliza upande mmoja wa kisogo cha mwalimu mstaafu, akatupa jicho nje, akaona kitenge anachokijua. Mama yake alikuwa anavuka barabara. Alivaa vazi lake la kutokea, amekumbatia mkoba wake mdogo kifuani, na hakuwa anakuja kwenye kibanda. Alikuwa anaelekea karakana.

"Mungu wangu," Taratibu alisema. "Anakwenda kumwona mkwe wake."

"Si jambo jema?" mwalimu aliuliza.

Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu ampe ile miwani, Taratibu alirudia kichwani maneno aliyoyasema siku ile. Aliyarudia yote, maana yalikuwa machache. Jasho likamtoka.

"Mwalimu, sikumwuliza."

"Hukumwuliza nani?"

"Cheche. Sikumwuliza kama atanioa. Yaani, kama nitamwoa."

Mwalimu akajivua kitambaa mwenyewe. "Kimbia, mwanangu. Mimi na nusu kisogo tutakusubiri."

Alipoingia karakana, mashine ya Cheche ilikuwa imezimwa na mafundi wengine wamejifanya wana kazi karibu na hapo. Mama alikuwa ameushika mkono wa Cheche, mweusi kwa grisi, na kwenye kiganja chake mwenyewe ilikaa pete nyembamba aliyovishwa na marehemu baba yake Taratibu.

"Najua kazini haivaliwi, mwanangu," mama alikuwa anasema. "Msimamizi wako kanieleza pale mlangoni. Utaivaa Jumapili. Lakini mkwe wangu hatakuwa mtu wa kuchumbiwa kwa miwani kana kwamba anaajiriwa."

"Mama, shikamoo tena," Cheche alisema polepole. "Samahani sana. Mimi sijachumbiwa."

Mama akageuka. Akamwona mwanawe mlangoni, kitana bado mkononi, shati limejaa nywele za watu.

"Wewe. Umemwuliza huyu binti?"

"Mama, nilimpa miwani..."

"Sikukuuliza ulimpa nini. Umemwuliza?"

"Hapana."

Mama akafumba macho, kama mtu anayemwomba marehemu mumewe msamaha kwa kumlea hivi. Akairudisha pete mkobani, akamwomba radhi Cheche, na msimamizi akampeleka nje akapate kiti kivulini. Mafundi wakafuata. Hata wale waliotamani kubaki waliondoka.

Cheche aliivua miwani, akaiweka juu ya mashine baina yao.

"Mtaa mzima unajua mimi ni mchumba wako?"

"Karibu wote."

"Muuza mkaa juzi aliniita shemeji, nikadhani ana undugu na mume wa dada yangu." Alikuwa amekasirika, na hakuficha. "Umeniposa kwa wateja wako, Taratibu. Mimi ndiye mtu wa mwisho kupata habari zangu."

"Nimekosa," alisema. "Nilidhani shida ni pete. Nilisikia ulimrudishia mtu, nikajua ni kwa ajili ya mashine. Nikatafuta kitu ambacho hakitakuumiza. Nikakitafuta sana, hata nikaona kukipata ndiyo kumaliza kazi."

Cheche alimtazama. Hasira ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imepunguza sauti.

"Pete haikuwa na kosa. Ilikuwa nzuri, nilifurahi nayo. Aliniuliza kama nitakuwa mke wake, nikasema ndiyo. Kesho yake akaja na swali la pili. Akataka kujua naacha lini mambo ya vyuma, maana mkono wa mke wake hauwezi kuwa na grisi. Kama ndilo alilokuwa nalo moyoni, angeanza nalo. Mimi ningemjibu mara moja, tusingesumbuana."

Nje, lori lilipita, vyuma kwenye rafu vikalia kidogo. Taratibu aliona kwamba akiondoka sasa hatarudi, atabaki kuwapa wengine nasaha mpaka azeeke. Hakuwa na kiboksi, hakuwa na shati safi, na sentensi yake nzuri aliyoitunga zamani ilikuwa imemtoka yote.

"Cheche, nakupenda. Utakubali niwe mume wako?"

Cheche alikunja mikono kifuani, akasubiri. Taratibu naye akasubiri. Wakasimama hivyo, mashine katikati, mpaka Taratibu akaanza kuhisi amekosea tena bila kujua wapi.

"Haya, endelea," Cheche alisema. Sauti yake ilitetemeka, jambo ambalo Taratibu hakuwahi kulisikia. "Nasubiri la pili."

"La pili lipi?"

Aliuliza kwa dhati. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea kabisa, anayetafuta kichwani mwake swali ambalo huenda alitakiwa kuja nalo, na halimo. Cheche alimchunguza uso huo kwa makini, kama anavyochunguza chuma kabla hajakigusa, na macho yake yakajaa machozi.

"Basi nimekubali," alisema. "Kamwambie mama yako asinifuate tena kabla ya saa ya kula. Nina kazi."