Mwalimu Aliyekalia Mikono Yake

Jengo la muziki lilikuwa na korido ndefu yenye milango pande zote mbili, na asubuhi kila mlango ulitoa sauti yake: huku fidla inapanda juu, kule viola inaguna kama mtu anayeota. Baba Pacha alipenda kupita hapo taratibu, mkoba begani, akijihisi anatembea ndani ya usingizi wa watu wengine.

Nusu ya umri wake alikuwa amepiga fidla kwenye bendi ya hoteli, na nyuzi zilimtii. Lakini mvi zilipoanza kumchungulia, alitamani kitu kingine: kukaa chumba kimoja na mtoto na kusikia sauti yake ya kwanza ikizaliwa. Ndiyo maana akarudi chuoni kusomea shahada ya uzamili ya kufundisha fidla na viola.

"Wenzako wanasomesha watoto," mkewe alimtania, "wewe unasoma nao darasa moja."

Lilibaki jambo moja tu: kufundisha somo mbele ya mhadhiri wake, mwanamke mfupi ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mama Kimya. Na mwanafunzi wa somo hilo angekuwa Kitinda, binti wa mwisho wa mshona mapazia, aliyeazimwa fidla ndogo na chuo.

Kitinda alikuwa anaiacha fidla. Hakutamka, lakini kila wiki alikuja amesahau hata mahali pa kuweka vidole. Mama yake alimvuta Baba Pacha kando.

"Mwalimu, nikwambie ukweli. Nyumbani haigusi. Muhula ukiisha tutarudisha chombo cha watu. Sipendi mtoto wangu akalie kitu ambacho mwenzake anakililia."

Usiku ule Baba Pacha hakula vizuri. Kufeli angeweza kuvumilia. Ila kumpoteza mtoto wa kwanza aliyekabidhiwa, hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku iliyofuata Mama Kimya, aliyekuwa amekaa nyuma ya darasa, alimwambia, "Bwana, leo umepiga vizuri sana."

"Asante, Mama."

"Na mtoto naye, amepiga?"

Baba Pacha aliitazama fidla mkononi mwake. Kila Kitinda alipokosea, yeye aliinua fidla yake, akasema "hivi, sikiliza," na chumba kikajaa asali. Mtoto alishusha upinde, akasimama kama mgeni asiyealikwa.

Mama Kimya akampa dawa anayowapa wanafunzi wake wote. "Igeuze. Fidla bega la kulia, upinde mkono wa kushoto. Nenda ukakumbuke kutojua kunafananaje."

Basi akawa anajifunza jikoni, mlango umefungwa, akitoa milio ya aibu.

"Baba Pacha," mkewe aliuliza kutoka sebuleni, "huyo paka amekukosea nini?"

Wanawe pacha wakaziba masikio kwa matonge ya mkate. Yeye akafumba macho. Katikati ya mikwaruzo ile alimwona marehemu mjomba wake, aliyemfundisha fidla utotoni, amekaa kwenye kiti cha kamba, kidevu kimezama kifuani. Miaka yote alidhani mjomba alikuwa akisinzia masomo mazima. Sasa hakuwa na uhakika.

Lakini fundi ni fundi. Kitu kikimshinda hapati usingizi. Alitumwa akapotee, yeye akatafuta njia. Alirudia na kurudia mpaka mkono wa kushoto ukalainika, kisha akampelekea Kitinda matunda ya mazoezi hayo kama zawadi.

"Leo tuko sawa, mimi na wewe," alisema, fidla imegeuzwa begani. "Sote hatujui."

Akapiga ule wimbo mdogo wa mazoezi. Kitinda alimtazama mkono mpaka mwisho.

"Mwalimu, ulianza lini hivyo?"

"Juzijuzi tu."

"Mimi nilianza mwaka jana."

Akailaza fidla ndani ya sanduku, akafunga kifungo kimoja, akafunga cha pili.

Mama Kimya aliposikia alishusha pumzi. "Nilikutuma ukacheze matopeni," alisema. "Umerudi umepiga nguo pasi."

Siku ya mtihani Baba Pacha aliiacha fidla ukutani.

"Umesahau roho yako," mkewe alisema.

"Acha ipumzike."

Alikaa kwenye kiti kifupi, akaingiza mikono chini ya mapaja, akaikalia. Mama Kimya alikuwa nyuma, dirishani, mwanga umemfuta uso.

"Fidla yako imeharibika?" Kitinda aliuliza, naye mikono mitupu; fidla ya chuo mama yake angeileta baadaye kuirudisha.

"Hapana. Leo nimekuja kusikiliza."

Mtoto akazungusha macho, yakatua kwenye viola ndogo juu ya meza. "Na hii?"

"Viola. Dada yake fidla, mwenye sauti nzito. Ijaribu."

Akavuta upinde kwenye uzi mnene kuliko zote. Ilikwaruza vibaya. Vidole vya mwalimu vilifurukuta kama vifaranga chini ya kuku. Kitinda akamgeukia, akisubiri lile "hivi" lake. Halikuja. Vumbi lilielea kwenye mwanga, na Baba Pacha alihisi kidevu chake kikizama kifuani polepole, kama cha mjomba.

"Imekuwaje?" aliuliza.

"Imekwaruza mwanzoni."

"Na mwishoni?"

Kitinda alifikiri. "Mwishoni ilitaka kuimba, ila upinde ukaniishia."

Hakuambiwa kitu. Akaurudisha upinde mpaka kwenye shina lake, karibu na kidole gumba, akavuta tena, polepole zaidi. Ikatoka sauti pana, yenye mikunjo kama shuka lililotoka kuanikwa, na kioo cha dirisha kikaitikia kwa mtetemo mdogo. Mtoto aliinamisha sikio, akavuta tena. Na tena.

Mlango ukagongwa. Mshona mapazia aliingia na sanduku la fidla mkononi, limefutwa vumbi, tayari kurudishwa.

"Haya, Kitinda, tuage. Chombo cha watu hiki."

Binti hakugeuka. "Subiri, mama. Bado haijafika."

Mama alimtazama mwalimu, kisha mtoto, kisha sanduku. Akaliweka sakafuni, akaketi juu ya kiti cha ukutani na mkoba wake mapajani.

Mikono ya Baba Pacha ilikuwa imekufa ganzi. Mama Kimya alinyanyuka ili atoke, na alipompita akainama sikioni mwake.

"Mikono usiitoe bado," alinong'ona.