Blanketi la Mtoto wa Chebet

Siku hizi chai ya saa nne nakunywa peke yangu, na sababu nimejitafutia mwenyewe.

Mwezi jana Kiprono, karani mwenzangu kiwandani, alifika kazini macho mekundu. "Chebet amezaa," alisema. "Msichana mkubwa, na alianza kunyonya mara moja."

Nilimpa hongera, kisha nikaamua kimyakimya kumshonea mtoto blanketi la kisasa, lile la kuunganisha vipande. Kwa wiki tatu nilikata pembetatu za njano na kijivu kutoka mashati ya mitumba, nikashona, nikafumua na kushona tena mpaka pembe zikakutana sawasawa. Nilijiona fundi kweli.

Jumamosi nikaenda kwake Kiptere. Mwanamke mchangamfu akanifungulia mlango, nami nikamkumbatia kabla hajasema neno.

"Hongera, Chebet," nikamwambia. "Na tumbo limerudi haraka, hata huwezi kujua ulizaa juzi. Nimemletea mtoto blanketi."

Alilitazama blanketi, akanitazama mimi.

"Mimi naitwa Sharon, bibi ya Kiprono," alisema polepole. "Chebet tumetoka kumkamua saa hii."