Hermelinda Bila Chancaca

Chancaca alipokufa, wifi yangu Hermelinda akawa hakaliki naye. Ukimpa kiti anakifuta vumbi, anakisogeza ukutani, anaondoka. Anafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Anaanza kusuka kofia, akifika ukingoni anaifumua yote, na wateja wanasubiri. Hapa mjini kwetu Monsefú karibu kila mwanamke anasuka, kwa hiyo tunajua: mikono ikianza kufumua, kichwani hakuna amani.

Mimi ni mke wa kaka yake, Eleodoro, na sote tunaishi ua mmoja. Sina subira na watu wa kuzungukazunguka. Nikipika wali na bata, nataka mtu akae, ale, aseme ahsante. Lakini huyu nilimwonea huruma mpaka mimi mwenyewe nikakosa hamu ya chakula.

Chancaca alikuwa mbwa wetu wa asili, wale wasio na manyoya: ngozi tupu, rangi ya sukari guru, mwili wa moto kama mkate uliotoka tanuruni. Wageni wakimwona walicheka, wakauliza kama ana upele. Hermelinda aliwajibu kwamba upele wanao wao, tena wa roho. Hakuolewa, hakuzaa, na mtu akimchokoza kwa hilo alisema yeye ana binti, na binti yake ana vikombe. Na kweli alikuwa navyo, vya ushindi wa maonyesho ya mbwa, vimejaa juu ya kabati hadi sahani zangu zikahamia chini ya kitanda. Asubuhi alimpaka mafuta, jioni walikimbia kuzunguka uwanja wa kanisa, Hermelinda kidevu juu, mbwa kidevu juu. Nilikuwa nawauliza, jamani, kati yenu nani anamshikia mwenzake kamba?

Jumanne ile aliyokufa, Chancaca alikula vizuri, akacheza, halafu tumbo likavimba. Hermelinda akambeba, akaruka naye kwenye bajaji kwenda kwa daktari wa mifugo. Walipofika alikuwa amekwisha kufa. Daktari alisema tumbo limejipinda, hutokea, hakuna aliyekosea. Hermelinda alitaka awepo aliyekosea. Alinilaumu mimi kwa mifupa, akamlaumu kaka yake kwa kuacha lango wazi, akajilaumu mwenyewe kwa bakuli la maji. Tulimzika nyuma ya nyumba, na hakudondosha chozi.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na maonyesho makubwa ya mbwa huko mjini Chiclayo, na jina la Chancaca lilikuwa limeshaandikishwa. Nikamwuliza wifi kama amewaambia watu wa chama cha wafuga mbwa. Akasema atawaambia. Nikamwuliza tena, akasema nisimpigie kelele.

Mume wangu, ambaye miguu yake hutangulia akili, akaona dawa ni kumletea Pelusa. Pelusa ni dada wa Chancaca, tumbo moja, siku moja. Ila kwenye uzao wa mbwa hawa hawakosi kutokea wachache wenye manyoya, na hapa kwetu hao hakuna anayewatazama. Hermelinda alimgawa angali mdogo kwa mfyatua matofali mmoja, amlindie kuku. Nilimwambia Eleodoro asimlete, atamtonesha dada yake kidonda. Akamleta. Macho yale yale, masikio yale yale, mwendo ule ule, isipokuwa amevaa koti la manyoya machafu. Hermelinda alimtazama, akamzunguka, akamtazama tena. Nikafurahi, nikidhani moyo umeanza kupoa. Kumbe wapi.

Jumamosi mchana nilitoka sokoni nikasikia maji yanamwagika uani. Hermelinda alikuwa amepiga magoti katikati ya manyoya, wembe wa kaka yake mkononi. Pelusa alisimama mbele yake uchi, ngozi inang'aa mafuta, ana mikwaruzo begani, anatetemeka kwa baridi ya Julai.

"Unafanya nini, wifi?"

"Kesho tunakwenda Chiclayo."

"Wewe na nani?"

"Na Chancaca."

Damu ikanipanda kichwani. Ujanja huo si mgeni kwetu. Kuna bwana mmoja aliwahi kunyoa mbwa wake akamwingiza uwanjani, akafukuzwa kwenye chama, na aliyepaza sauti kuliko wote akitaka afukuzwe ni Hermelinda huyu huyu. Nilimwambia wataimaliza heshima yake mbele za watu, watamnyang'anya hata vile vikombe vya haki. Nilimwambia amerukwa na akili. Yeye anafuta wembe tu.

"Nataka wamwite mara moja tu," akasema. "Nisikie jina lake kwenye kipaza sauti, niingie, nizunguke. Halafu wanifanye watakavyo."

Nikaweka kapu la sokoni chini.

Akamvisha Pelusa kamba, akamsimamisha kama mbwa anavyosimamishwa mbele ya mwamuzi: miguu ya mbele sawa, ya nyuma imerudi kidogo, shingo juu. Maskini Pelusa alidhani atapewa chakula, akakubali yote. Kisha Hermelinda akamfungua mdomo, kwa sababu mwamuzi lazima atazame meno, na mikono yake ilishazoea kufuata utaratibu huo.

Akabaki hapo hapo, vidole kwenye midomo ya mbwa.

Mbwa wasio na manyoya huwa na mapengo. Wenye manyoya meno yao hutimia. Hata wanangu wanalijua hilo, na aliyewafundisha ni shangazi yao Hermelinda. Pelusa alikuwa na meno mdomo mzima, meupe, makali, yamepangana. Mwamuzi asingehitaji kutazama mara mbili.

"Si yeye," Hermelinda akasema.

"Si yeye, wifi yangu."

Hapo ndipo alipolia. Alilia vibaya, kama mtu anayetapika, kamasi na yote. Nikamshika mabega nikalia naye, maana na mimi nilimpenda yule mbwa mwenye maringo. Pelusa akajipenyeza katikati yetu akitafuta joto.

Hermelinda alivua sweta yake, akaipitisha kwenye miguu ya mbele ya mbwa, akaifunga tumboni. Akamwomba radhi, akimwita kwa jina lake, Pelusa. Kisha akaketi pale chini, kwenye maji na manyoya, mbwa mapajani, akaniomba simu. Bwana aliyepokea huko chamani alikuwa na utani mwingi. Nilimsikia akiuliza kama Chancaca kesho atawaachia wenzake japo kikombe kimoja.

Hermelinda akasubiri amalize kucheka.

"Chancaca amekufa," akasema. "Jumanne, mikononi mwangu. Lifuteni jina lake."