Niliwaambia Wote Baba Alikuwa Rubani

Admin, naomba unifiche jina, maana humu ndani wamo watu ninaolala nao chumba kimoja.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minane, Mganda, mlinzi wa hoteli hapa Doha, huu mwaka wa saba. Nimekulia kambi ya jeshi na Kiswahili changu ni cha kambini, mnivumilie. Baba yangu yuko hai, yuko kijijini, anafuga mbuzi.

Baada ya vita alivyopigana baba, wanajeshi kadhaa walioacha jeshi walianzisha kampuni ndogo ya ndege za mizigo. Baba alifanya kazi huko mpaka kampuni ikafa. Si mtu wa kusimulia. Tulichokuwa nacho ni picha moja tu: amekaa kwenye kiti cha rubani, kofia ya kapteni kichwani, anacheka. Nikakua nikijua baba ni rubani. Nilipofika Industrial Area, mtaa wa mabweni ya wafanyakazi hapa Doha, tukilala sita chumbani, sifa hiyo niliitumia vizuri sana. Supavaiza akinidharau, najibu moyoni kwamba mimi ni mtoto wa kapteni. Baadaye nikaanza kujibu kwa mdomo.

Mwaka jana nikaanza kutafuta historia ya ile kampuni kwenye simu. Nikampata afande mmoja mstaafu anayekusanya majina ya waliofanya kazi pale, wafanyiwe sherehe ya kumbukumbu. Akauliza baba alikuwa nani. Bila kumuuliza mwenyewe, nikaandika: rubani. Nikatuma na picha. Afande akafurahi, akaiweka kwenye bango la sherehe, jina la baba chini yake, na neno Kapteni mbele.

Wiki iliyopita mama mmoja akaniandikia, mjane wa rubani wa kampuni hiyo. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliandika: "Mwanangu, hiyo kofia ni ya marehemu mume wangu. Huo uzi mweusi pembeni nilishona mimi. Huyo aliyeivaa ni nani?"

Nikampigia baba siku ya Ijumaa, wenzangu wakiwa kanisani, maana huku ibada huwa Ijumaa.

"Mzee, kwenye zile ndege ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kufagia na kupakia mizigo. Kwani vipi?"

"Na ile picha?"

Akacheka. "Kapteni alikuwa mtu wa mzaha. Alinivika kofia, akasema kaa hapo upigwe picha. Wapakiaji wote tulipigwa, kwa zamu."

Jamani, mimi ndiye niliyepaswa kujua hilo kabla ya mtu yeyote. Si ndiyo kazi yetu hapa? Tunaegemea magari ya wageni, tunapiga picha, tunatuma nyumbani. Mimi mwenyewe ninayo moja nimekaa kiti cha meneja, na mke wangu ameitundika ukutani.

Nikamweleza baba yote: bango, sherehe, mjane. Nilijua atanifokea, na nilitaka anifokee. Akauliza taratibu, "Huko kwako wanajua mimi ni rubani?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nitaenda. Wewe nifundishe tu maneno ya kusema, nisije nikakuaibisha."

Mzee aliyepigana vita anaomba mwanawe amfundishe uongo. Niliona aibu hata ya kupumua. Nikasingizia mtandao mbaya, nikakata.

Yule mama bado sijamjibu. Nikisema ukweli, wenzake baba aliopigana nao wataona kwamba alitaka kuiba sifa ya marehemu, kumbe mwizi ni mimi. Na hapa chumbani nitachekwa mpaka mkataba uishe. Nikinyamaza, baba atasimama mbele ya mjane wa rafiki yake na kumdanganya, kwa ajili yangu.

Sherehe ni Jumamosi ijayo. Jana baba alinitumia ujumbe kwamba ameshaazima koti, na anasubiri maneno.

Nishaurini ndugu zangu, hata mkinitukana nitasoma. Nimwandikie baba nini, na yule mama nimjibu nini?