Njia Isiyo na Honi

Njia ya kwetu haina magari kwa sababu haina daraja. Mvua ililing'oa, mto ukalibeba, na tangu siku hiyo lori la majani ya chai huishia ng'ambo, likageuza na kurudi lilikotoka. Viongozi wamekuja mara nyingi kulitazama lile pengo. Hulipiga picha, wakaliahidi mambo mazuri, wakaenda zao. Sisi tumelaza magogo mawili na maisha yanaendelea. Hata pikipiki huvuka, moja moja, dereva akisali na abiria akisali zaidi.

Sikujua kwamba ule ulikuwa utajiri mpaka mama mdogo aliponieleza. Huyu ni mke wa baba mdogo. Boma lao na letu yametenganishwa na ua wa michongoma tu, na ukali wake huruka ua huo bila shida. Alikuwa amesikia redioni kwamba watu wa mijini siku hizi hutafuta njia zisizo na magari, wapande baiskeli milimani na kandokando ya ziwa, wavute hewa safi, na wakichoka walale kwa watu. Mama mdogo akatazama nje. Milima ipo. Magari hakuna. Asubuhi isiyo na ukungu, ukisimama juu ya shamba letu hapa Magwagwa, unaliona Ziwa Victoria kule chini limelala kama bati jipya. Na hewa ni ile ile tuliyokuwa tukiivuta bure kama wajinga.

Basi aling'oa mistari yake ya chai nyuma ya nyumba, akajenga vyumba viwili vya mabati, akavipaka rangi ya kijani na kutandika shuka zenye maua makubwa kuliko maua ya kweli. Alikuwa ameapa kwamba hatarudi tena kuchuma chai ya watu. Mgongo wake, alisema, ulishamaliza zamu.

Baba mdogo hakubishana. Alisema tu kwamba ng'ombe wake ana mimba, na ndama atahitaji mahali pakavu pa kulala. Ikiwa mpaka siku ya kuzaa hakuna mgeni aliyelala mle ndani, basi ndama atalala. Tangu hapo boma lao likawa na kalenda yenye mkia. Kila asubuhi mama mdogo alilitazama tumbo la ng'ombe, halafu akaitazama njia. Tumbo lilikuwa likiongezeka. Njia ilikuwa vile vile.

Mimi nikajitolea kuwa idara ya matangazo. Niko kidato cha tatu, na mwalimu wetu wa Kiswahili huandika kwenye ripoti yangu kwamba nina maneno mengi na kazi kidogo, nami nikaona hatimaye nimepata kazi ya maneno. Likizo ilipofika nilichukua baiskeli ya babu, ya chuma tupu, isiyo na gia wala huruma, ambayo breki zake ni viatu vya anayeiendesha. Nikateremka nayo kutoka kwetu hadi mtoni huku binamu yangu akinirekodi kwa simu ya mama mdogo. Nilipiga mayowe njia nzima. Niliyaita mayowe ya furaha, na watu wa mtandaoni ni wepesi wa kuamini.

Ndipo akatuandikia mwanamke mmoja wa Nairobi, kiongozi wa kikundi kidogo cha waendesha baiskeli. Aliuliza jambo moja tu: je, ni kweli hakuna magari? Nikamjibu kwamba hata akilitaka gari hatalipata. Akasema atakuja Jumapili aijaribu njia, na ikimpendeza alale, kisha alete wenzake.

Mama mdogo alipiga deki vyumba mara mbili. Lakini aliyefanya kazi kubwa zaidi alikuwa baba mdogo. Msinielewe vibaya, chumba alikuwa bado anamtakia ndama. Ila mgeni wa boma ni mgeni wa boma, na kwetu mgeni mwenye heshima hupokelewa kwa kelele.

"Mgeni wetu aje peke yake akitokwa jasho, kama mtu anafukuzwa?" aliniuliza. "Watu watasema hatuna watu."

Nilimweleza kwamba anakuja kukimbia magari. Akanijibu kwamba ndiyo maana hakuagiza magari. Aliagiza pikipiki.

Jumapili hiyo zilijipanga kwenye magogo pikipiki zote za sokoni, zimefungwa matawi mbele na nyuma, na moja ilibeba spika ile ya wakati wa kampeni. Vijana walimngojea Mzungu. Alipotokea mwanamke mweusi kama sisi, mwenye kofia ngumu na kaptula ya kubana, walisitasita kidogo, halafu wakaona matawi yasiharibike bure. Nusu wakaenda mbele yake, nusu nyuma. Honi zikaanza. Kila alipopunguza mwendo ili wampite, nao walipunguza, kwa adabu. Alipoongeza, waliongeza. Vumbi lilimla mpaka nyusi. Nyuma yao nilikuja mimi na baiskeli ya babu, nikikohoa kwa niaba ya idara yangu.

Alifika akamuuliza mama mdogo kwa upole msiba ulikuwa wa nani.

Alikula, akashukuru, akamsifu kuku. Lakini alikataa kulala. "Mama, nimetoka Nairobi nikikimbia honi," alisema akifunga kamba za viatu, "na siku yote leo nimekuwa katikati yake. Siku mkiwa na njia isiyo na honi, niambieni. Nitarudi."

Baba mdogo alisema kwamba watu wa Nairobi hawana shukrani, kisha akaenda kupima chumba kwa hatua, kutoka mlango hadi dirisha. Ng'ombe alikuwa amesimama karibu, akicheua.

Mama mdogo alikaa jikoni akichambua chinsaga, zile mboga chungu ambazo mgeni aliombwa aongeze na akakubali kwa ujasiri. Nilimwona akisimamisha mikono.

"Hiyo siku iko," alisema. "Lakini hiyo siku si yangu."

Kila mtu wa huku angemwelewa. Jumamosi, mlima wetu wote ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa, pikipiki huegeshwa, vibanda vya sokoni hufungwa, hata mbwa wanabweka kwa kiasi. Ndiyo siku pekee ambayo njia ile haina honi hata moja. Na ndiyo siku pekee ambayo mama mdogo haruhusiwi kuuza hata yai.

Nilimshauri auze kimyakimya, kwa kuwa Mungu mwenyewe siku hiyo amepumzika. Alinirushia bua la mboga. Siku kadhaa alizunguka na jambo hilo, akamfuata mzee wa kanisa, akarudi na uso umefunguka. Kuuza hapana. Lakini kwani sisi hufanya nini kila Sabato? Chakula hupikwa Ijumaa, kingi kupita watu wa nyumba, kwa sababu baada ya ibada lazima utoke kanisani na mgeni. Mgeni wa Sabato hauziwi chakula, analishwa. Malipo ya kitanda yangemalizwa Ijumaa jua likiwa bado liko. Baada ya hapo, wangekuwa watoto wa nyumbani.

Nikaandika ujumbe. Yule mwanamke na rafiki yake mmoja wakaja Ijumaa, wakalala, kila mmoja kwenye chumba chake, juu ya maua makubwa. Baba mdogo aliingia na kutoka. Ng'ombe alikuwa hajazaa. Sheria ni sheria.

Asubuhi tukapanda baiskeli, mimi nikiwa kiongozi, ndani ya suti ya binamu. Njia ilikuwa tupu, kimya, imeoshwa na umande. Jambo ambalo idara yangu ilisahau kulitaja ni kwamba watu wote waliokosa pikipiki walikuwa wanakwenda kanisani kwa miguu, na kwetu hupungii watu mkono ukapita. Unashuka. Unashika mkono wa kila mmoja. Unaulizwa umeamkaje, umeolewa wapi, na mama yako anaendeleaje. Wageni walishuka baiskeli mara nyingi kuliko walivyopanda. Akina mama walizitazama zile kaptula, wakatazamana, na bila neno wakaanza kutoa lesso kwenye mikoba. Tulipofika kanisani wageni wangu walikuwa wamefungwa mpaka vifundoni, kofia ngumu mapajani, wakiambiwa wasimame waseme salamu zao. Yule rafiki alinitazama kwa jicho ambalo nimelizoea darasani.

Baada ya chakula tuliteremka, sisi watatu. Chai pande zote mbili, kisha migomba, kisha miti ya mtoni, na chini kabisa kinamasi cha mafunjo, na korongo wenye taji wakitembea kama wakaguzi wa shule. Mbali, ziwa. Hakuna kilichosikika ila minyororo ya baiskeli, na wa baiskeli ya babu ukilia kuliko yote. Hata mimi nilinyamaza. Yule mwanamke alisimama pale muda mrefu, lesso bado kiunoni.

Mvua ilitukuta njiani tukirudi. Ndani ya boma tulimkuta baba mdogo amesimama chini ya paa la jikoni, amembeba ndama mikononi, wote wawili wameloa. Ndama alikuwa amezaliwa tulipokuwa kinamasini. Vyumba vilikuwa vimelaliwa na wageni, na aliyetunga sheria alikuwa yeye mwenyewe. Mama mdogo akamletea gunia kavu badala ya maneno makali. Nakumbuka hiyo ndiyo mara pekee.

Mgeni ndiye aliyefungua mlango wa chumba chake. "Mwingize hapa, baba. Atashikwa na baridi. Mimi nitalala na mwenzangu."

Sijawahi kumwona baba mdogo akiumia hivyo. Mgeni amempisha ndama kitanda, tena nyumbani kwake, na majirani wana macho. Jumapili kabla sijanywa chai nilisikia nyundo. Alikuwa juu ya mbao, anajenga zizi, misumari mdomoni.

Wageni walitoka na macho mekundu, maana ndama alikuwa amelia kuliko pikipiki zote za sokoni. Yule mwanamke alicheka peke yake akifunga mizigo. Akauliza kama wenzake wangeweza kuja mwisho wa mwezi.

"Waje Ijumaa," mama mdogo alisema, "jua likiwa bado liko. Na kila mtu aje na lesso yake."

Nyundo ikanyamaza. Baba mdogo akatoa misumari mdomoni, akauliza, kwa heshima, kama hao wenzake hawangependa kupokelewa angalau na pikipiki mbili.