Siku Mtani Aliponionea Huruma

Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko Ng'ambo, hapa Tabora, na kazi yangu ya kila siku ni kupindua baiskeli za watu magurudumu juu. Mwenyewe nilikuwa sijapinduka tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Mwaka huo nilianguka kutoka mtini kule kwetu Kwihara, nikimsaidia baba kutundika mzinga wa nyuki. Nilining'inia kichwa chini ili nifunge kamba chini ya tawi, miguu ikateleza, nikafikia shingo. Nililala hospitali wiki kadhaa. Nilipotoka, baba, ambaye kabla ya hapo hakuweza kunituma maji bila kunigombeza, akawa mpole. Kila nilipousogelea mti alisema, "Acha tu, baba. Utaumia." Akawa anawaomba watu wa jirani wampandie. Upole ule nimeusikia miaka ishirini na sita, na uliniuma kuliko shingo.

Kocha alinipata kwa sababu ya pancha. Ni Mzaramo, fundi umeme aliyeletwa Tabora na kazi, na jioni hufundisha jujitsu katika chumba alichopanga nyuma ya maduka ya Gongoni, magodoro yametandazwa ukuta hadi ukuta. Nilipokuwa naziba tairi lake aliniuliza kabila langu. Nikamwambia Mnyamwezi. Basi, heshima iliishia hapo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo.

"Kumbe wewe ni mpagazi wangu!" alisema. "Babu yako alitupa mzigo wa babu yangu porini akakimbia. Nimeufuata."

"Babu yako alikuwa amelala kivulini," nikamjibu. "Hata leo hajui ulitupwa wapi."

Tulicheka mpaka wapita njia wakasimama. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye magodoro yake, nimevaa koti zito la mazoezi lililonibana makwapa.

Mwaka mzima nilienda vizuri tu. Kukaba, kujinasua, kumwangusha mtu mkubwa kuliko mimi, yote niliyaweza. Kisha siku moja kocha akatangaza kwamba sasa tunajifunza kupinduka na kuchukua mgongo. Akalala chali, mwenzake amesimama juu yake. Akamshika mkono wa koti na pindo la suruali, akainua kiuno, akapeleka kichwa kwenye miguu ya yule mtu na magoti yake mwenyewe karibu na masikio. Kwa kitambo alikuwa juu chini kabisa. Akazunguka hivyo hivyo, akapita chini ya mwenzake, akamvuta. Yule mtu alikaa chini kwa mshangao, na kocha akawa tayari yuko nyuma yake, miguu imemzunguka kiuno, mkono umepita kifuani.

"Mgongo ukishachukuliwa, mwenyewe hana pa kwenda," alisema. "Haya, mpagazi, njoo."

Niliinua kiuno. Mara tu uzito ulipofika shingoni, nikaona lile tawi. Nikajibwaga chini.

Ndivyo ilivyokuwa wiki tatu. Kocha hakuninyima matusi. "Shingo iliyobeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo inashindwa kubeba makalio ya mtu mmoja?" Darasa zima lilikuwa likicheka, nami nikicheka. Mgeni mmoja asiyejua habari za utani alinifuata nje na kunishauri, kwa uso wa huruma, nikamshtaki.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Nilifika nusu, kiuno juu, na nikaganda. Siwezi kwenda, siwezi kurudi, pumzi imekata. Kocha alinishusha polepole kwa mikono yake, akachuchumaa kando yangu.

"Pole, ndugu yangu," alisema. "Si lazima. Miili mingine haikubali. Utaendelea na zile unazoziweza."

Ndugu yangu! Mtani, jamani, hata msibani hanyamazi. Alipofariki bibi yangu, watani walikuja wakalala kwenye njia ya kaburini wakidai hapiti mtu, na sisi tulicheka huku tunalia. Mtani akiacha kukutania, ujue amekukatia tamaa. Nilikaa pembeni nikifungua mkanda, na nilichokisikia kichwani hakikuwa sauti ya kocha. Ilikuwa ya baba: acha tu, baba, utaumia. Hapo nikakasirika. Nilimkasirikia kocha, nikamkasirikia baba, na zaidi nilijikasirikia mimi niliyeupokea ule upole nikaufanya nyumba.

Nikaufunga mkanda upya.

"Mtani," nikamwita. "Nitukane."

"Nini?"

"Nitukane kama kawaida. Huruma yako kawape Wazaramo wenzako."

Meno yake yote yakatoka nje, akaja kusimama mbele yangu. "Haya, lala chini, punda wa Unyanyembe! Inua! Inua hicho kiuno! We, unaweka wapi huo mzigo? Mpagazi gani anabeba mzigo shingoni? Begani, mjinga wewe! Begani!"

Begani. Wiki tatu alikuwa akituelekeza kwa maneno ya adabu, tusilalie shingo, tutazame kitovu, na sikuwa nimemwelewa. Sasa nikageuza kichwa pembeni na kuacha uzito wote ukalie bega la kulia. Shingo ikawa huru. Niliona vidole vya miguu ya kocha vikiwa juu chini mbele ya pua yangu, nikazunguka, nikavuta suruali yake kwa nguvu zote. Alikaa chini kwa kishindo. Nilipozinduka nilikuwa nimemkumbatia kwa nyuma, miguu imemzunguka kiuno.

"Leo Mzaramo ndiye mpagazi," nikamwambia sikioni.

"Shuka, unanuka grisi," akasema.

Jumapili moja, miezi miwili baadaye, baada ya ibada, nilikwenda Kwihara. Nilimkuta baba chini ya mti na mzinga mpya, akiwasubiri watu wa jirani waliochelewa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikachukua kamba.

"Acha tu, baba," alianza.

Nikapanda. Juu kule nililizungushia tawi miguu, nikaikaza kama kwenye kiuno cha kocha, kisha nikajiachia kichwa chini. Moyo ulipiga, sitadanganya. Lakini miguu ilishika. Nikauvuta mzinga, nikaanza kuufunga. Baba nilimwona kofia ikiwa chini na miguu juu, mikono kaishikilia kifuani. Nilipiga fundo la kwanza. Nikapiga la pili. Ndipo akakohoa.

"Hilo fundo gani hilo?" alifoka. "Unafunga mzinga au unafunga kiatu? Kaza, mvivu mkubwa wewe!"

Machozi yalinitoka, yakatiririka kuelekea kwenye nywele. Nikakaza.