Siku Nilipozamisha Jua Bariadi

Nakiri mbele yenu: Jumamosi iliyopita nilijiona fundi mkuu wa Simiyu nzima.

Nyumbani nina tangi la kioo la samaki wa baharini na matumbawe. Kwa miezi mitatu nilihangaika na waya mpaka nikaunda kifaa cha kuongoza taa zake za LED, zichomoze taratibu kama alfajiri na kufifia taratibu kama jioni. Baba mkwe, mkulima wa pamba kule Dutwa, hakunielewa kabisa. Mwanamume mzima anafuga samaki wasioliwa! Nikamwita aje ajionee.

Mchana kweupe nikafunga mapazia, nikapaza sauti kuishinda mashine ya umeme ya kusaga ya jirani: "Baba, sasa nazamisha jua!"

Nikabonyeza kitufe. Taa zikafifia, zikazimika. Kimya kikatanda, nami nikadhani ni heshima. Mke wangu akapiga makofi. Nikainama kama mwanamuziki jukwaani, mkono kifuani.

Baba mkwe akakohoa gizani.

"Hongera, mkwe. Na mashine ya jirani, nayo umeizima kwa kitufe hicho hicho?"